Lebo imekuwekea nusu milioni mezani: isome kama unavyosoma mkopo

Kati ya watu wanaolipwa kwa simu wikendi usiku, wanamuziki si wachache. Kuna kundi lililopiga harusi Machakos, kuna mwimbaji wa injili aliyealikwa mkutano Kakamega, kuna kijana aliyepanda jukwaani dakika ishirini kwenye klabu moja ya Mombasa. Ujumbe wa malipo unaingia, na kesho yake studio inalipwa. Wengi wao hawana lebo. Wanajirekodi, wanajitangaza, wanasambaza nyimbo zao wenyewe. Halafu ngoma moja ikishika, hata kidogo tu, simu inapigwa: njoo ofisini tuongee, tuko na mkataba.

Kwa hivyo leo tunaacha kidogo mambo ya kutuma na kutoa, tuongee juu ya hilo swali: usaini na lebo ama ubaki huru? Hatutakuambia lebo zote ni mbaya, kwa sababu si kweli. Sisi pia si mawakili. Sisi ni watu wa pesa, na tunachoweza kukusaidia nacho ni kusoma pesa ya lebo inavyotembea. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa tayari unaijua, maanake umewahi kukopa.

Pesa ya kutangulizwa ni deni

Lebo ikikusaini, mara nyingi inakupa pesa mbele. Wasanii huiita adivansi. Kuna wanaoipokea kama mshahara wa kwanza, na kuna wanaoipokea kama zawadi ya kutambuliwa kipaji. Kwenye mikataba mingi ya kurekodi, huku kwetu na kwingineko duniani, hiyo pesa ni deni. Lebo itajilipa kutoka kwa mapato yako kabla hujaona shilingi nyingine. Na deni lenyewe si pesa ya mkononi pekee. Gharama ya studio, video, picha, na mara nyingi matangazo, zote huandikwa kwenye daftari moja lenye jina lako juu.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Hizi ni nambari zetu za kuelezea tu, wewe utaweka zilizo kwenye karatasi yako.

Tuseme lebo imetumia KSh 500,000 kwako. Ulipewa 150,000 mkononi siku ya kusaini, 100,000 ikaenda studio, 200,000 video, na 50,000 matangazo. Mkataba unasema mapato ya nyimbo yanagawanywa: wewe asilimia 20, lebo asilimia 80. Ngoma inashika, na mwaka wa kwanza inaleta milioni moja.

Watu wengi wangehesabu hivi: milioni moja, toa nusu milioni ya gharama, iliyobaki tunagawana. Sivyo. Fungu lako kwa milioni moja ni 200,000, na hilo fungu lako peke yake ndilo linalolipa deni. Kwa hivyo hiyo 200,000 inaingia yote kwa deni, na bado unadaiwa 300,000. Lebo nayo imeshaweka 800,000 yake kando. Wewe unaskia wimbo wako kwa kila matatu inayopita, na kwenye simu yako hakuna kitu kimeingia.

Tuendelee. Ili asilimia 20 yako ifike 500,000, wimbo lazima ulete milioni mbili na nusu. Siku deni linapoisha, lebo itakuwa imepokea yote hiyo milioni mbili na nusu: milioni mbili ni fungu lake, na nusu milioni ni marejesho kutoka kwako. Yenyewe ilitoa nusu milioni. Wewe umepata ile 150,000 ya siku ya kwanza, na sasa ndio unaanza kulipwa shilingi ishirini kwa kila mia.

Linganisha na mkopo wa kawaida. Umekopa ukanunua pikipiki ya bodaboda. Umelipa mpaka shilingi ya mwisho, riba juu. Pikipiki ni ya nani? Ni yako, na stakabadhi za umiliki zinabadilishwa zisome jina lako. Kwenye mkataba wa kawaida wa lebo, ukimaliza kulipa, pikipiki inabaki ya aliyekukopesha. Rekodi uliyoilipia kwa jasho lako ni mali yake, na wewe unaendelea kupokea asilimia 20 kama dereva.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuna tofauti moja inayokufaa wewe. Wimbo ukianguka, kwa kawaida lebo haikujii nyumbani na madai. Deni lake hulipwa na mapato ya muziki, na mapato yasipokuja, hasara ni yake. Ukikopa mwenyewe kwa simu ama kwa chama ili ufanye video ya 200,000, na video ikatazamwe na watu mia nane, tarehe ya kulipa itafika palepale. Nyimbo nyingi hazirudishi gharama zake, na lebo inajua hivyo inapotoa pesa. Kubeba hiyo hatari kuna bei yake, na ndiyo maana fungu lake ni kubwa. Kwetu sisi hilo pekee si wizi. Kinachofaa kuulizwa ni fungu lenyewe ni kubwa kiasi gani na linaendelea mpaka lini.

Kwa hivyo tafuta kwenye mkataba mstari unaosema adivansi italipwa kutoka kwa mapato peke yake. Usipouona, uliza, na jibu liandikwe. Tafuta pia kama deni la kazi ya kwanza linaweza kulipwa na mapato ya kazi ya pili. Hapo ndipo msanii anapata albamu ya pili imefanya vizuri sana, na bado hajalipwa, kwa sababu inalipia ile ya kwanza iliyolala.

Wimbo mmoja, mali mbili

Kabla ya kusaini chochote, fahamu kwamba wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia, yaani kile ambacho mtu mwingine anaweza kuimba kwa gitaa lake. Ya pili ni rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa studio, ile wasanii huita masta. Kila moja ina hakimiliki yake na inaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Hebu fikiria: una miaka 24, unasaini kuachilia masta moja kwa moja kwa sababu kodi ya nyumba imekwama. Ulinzi wa hiyo rekodi utaisha ukiwa na miaka 74. Hiyo ndiyo mali unayoibadilisha na pesa ya leo.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Taylor Swift. Alisaini na Big Machine Records ya Nashville mwaka wa 2005 akiwa bado kijana mdogo, na masta za albamu zake sita za kwanza zikawa za lebo. Mwaka wa 2019 lebo iliuzwa, masta zikaenda nayo, kisha mwaka wa 2020 zikauzwa tena kwa mwekezaji mwingine. Yeye aliyeziimba alikuwa anatazama tu. Alichofanya ni kuingia studio na kurekodi upya albamu nne kati ya hizo sita, mbili mwaka wa 2021 na mbili mwaka wa 2023. Aliweza kwa sababu yeye ndiye mtunzi, na utunzi hakuwa ameuachilia. Mei 2025 akazinunua zile masta za awali. Mwanamuziki tajiri kuliko karibu wote duniani ilimchukua miaka kama ishirini kumiliki sauti yake mwenyewe ya ujanani. Wewe unayesaini Nairobi ama Kisumu, angalia mambo mawili kwa haraka: je, unaachilia utunzi pamoja na masta, na je, kuna mstari unaokukataza kurekodi wimbo uleule tena, na kwa miaka mingapi?

Sasa turudi nyumbani, kwenye pesa unayoijua. Skiza ilianza mwaka wa 2009 na kwa wasanii wengi wa Kenya ndiyo imekuwa mojawapo ya njia za uhakika za kupata kitu. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba wanabaki na makombo baada ya kila mtu katikati kukata chake. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2022 yaliweka mgao wa milio hii kwenye sheria: kampuni ya simu asilimia 39.5, kampuni ya katikati inayopeleka nyimbo asilimia 8.5, na msanii au mwenye hakimiliki asilimia isiyopungua 52.

Soma tena hiyo “au”. Kama hakimiliki ni yako, kwa kila KSh 100 zinazogawanywa unapata KSh 52. Kama ulisaini ikawa ya lebo, hiyo 52 inaenda kwa lebo kwanza, halafu mkataba wako ndio unaamua. Kwa mgao wetu wa mfano wa asilimia 20, fungu lako linakuwa KSh 10.40. Na kama bado unadaiwa adivansi, hata hiyo 10.40 haikufikii. Bunge lilipitisha sheria, msanii akashangilia, na karatasi aliyosaini miaka mitatu nyuma ikaipita sheria bila kuivunja.

Basi kwa nini mtu asaini?

Kwa sababu kuna kazi ambayo ni ngumu kuifanya peke yako. Lebo nzuri ina watu wanaojua mhariri gani wa orodha za nyimbo mtandaoni anapokea barua pepe, ina wakili wake, inajua kupanga ziara nchi tano, na ina pesa za kusubiri mwaka mzima kabla wimbo haujarudisha kitu. Msanii anayejitegemea anafanya haya yote baada ya kutoka kazini, kwa bando ya elfu moja.

Sauti Sol ni mfano mzuri, maanake walipitia pande zote. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ya 2008, ilitoka chini ya lebo ndogo ya hapa, Penya Africa. Baadaye wakajisimamia, na Live and Die in Afrika ya 2015 waliitoa wenyewe. Mwaka wa 2019 wakaanzisha lebo yao, Sol Generation, na mwaka wa 2020 albamu yao Midnight Train ikatoka na Universal Music Africa. Wengine waliona ajabu: mbona mtu aliyejitegemea vizuri hivyo aende kwa mojawapo ya kampuni tatu kubwa za muziki duniani? Sisi hatuoni ajabu. Mtu anayeingia kwenye mazungumzo akiwa na mashabiki wake, jina lake na lebo yake si sawa na anayeingia akiwa na wimbo mmoja na deni la kodi. Ni kama mwenye duka anayeenda kuomba mkopo na taarifa ya mauzo ya miaka miwili mkononi. Anaweza kusema hapana, na mkopeshaji anajua hivyo.

Hata wale wanaosifiwa kwa kujitegemea hawakuwa peke yao kabisa. Chance the Rapper wa Chicago alishinda Grammy ya albamu bora ya rap mwaka wa 2017 kwa Coloring Book bila kusaini na lebo. Lakini Apple Music ilimlipa dola nusu milioni ili albamu ikae kwake pekee wiki mbili za kwanza, na ni yeye mwenyewe aliyelisema hilo hadharani. Tunachopenda kwenye hiyo biashara ni ufupi wake. Aliuza wiki mbili, akabaki na albamu.

Kati ya kusaini kila kitu na kutosaini chochote kuna nafasi pana. Kuna mkataba wa usambazaji pekee, ambapo masta inabaki yako na kampuni inachukua asilimia yake kwa kazi hiyo. Kuna leseni ya muda, ambapo unaikodisha rekodi kwa miaka kadhaa kisha inarudi. Ukipewa karatasi moja ukaambiwa “ni hii ama uende”, kumbuka ziko karatasi za aina nyingine.

Ukibaki huru, wewe ndiye lebo

Hapa kuna msanii anayefikiri kujitegemea ni kutokuwa na makaratasi. Kumbe ndio makaratasi yanaongezeka, manake hakuna mtu mwingine wa kuyashika.

Kuweka muziki mtandaoni si shida tena. Spotify ilifika Kenya mwaka wa 2021, Boomplay ilikuwa hapa kabla yake, na Mdundo ilizaliwa hapahapa Nairobi. Huendi Spotify moja kwa moja, unapitia msambazaji wa kidijitali. Wako wanaotoza ada ya kila mwaka na kukuachia mapato yote, na wako wanaokata asilimia, kwa mfano CD Baby hukata 9 kwa mia. Wale wa ada ya mwaka, weka kikumbusho kwenye simu. Ukiacha kulipa, nyimbo zako zinaweza kuondolewa, pamoja na hesabu zote za wasikilizaji ulizojenga.

Usitarajie makubwa mapema. Tangu 2024, Spotify hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kwa anayeanza, shoo moja ya harusi inaweza kumpa zaidi ya mwaka mzima wa kusikilizwa mtandaoni. Tunasema hivi ili usikope pesa ya video ukitegemea Spotify ndiyo itakayolipa.

Kitu ambacho hatutachoka kurudia ni karatasi ya mgao. Siku mnapomaliza wimbo, kabla hamjatoka studio, mwandike: nani alitunga maneno, nani alitengeneza biti, nani aliimba kiitikio, kila mtu ana asilimia ngapi ya utunzi na ngapi ya masta. Majina kamili, nambari za kitambulisho, sahihi, tarehe. Dakika kumi. Wimbo ukiwa bado hauna thamani watu hukubaliana haraka sana. Ukishaanza kulipa, hata aliyeleta soda anakumbuka alichangia mstari. Malaika, wimbo wa Kiswahili ulioimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, hadi leo una ubishi juu ya mtunzi wake. Wengi wanamtaja Fadhili Williams wa hapa Kenya, wengine wanamtaja Adam Salim wa Tanzania. Wimbo umezunguka dunia nzima, na swali la nani alipwe limezunguka nao.

Biti ndio mahali pengine pa kuumia. Wengi hulipa produsa elfu chache kwa simu, wanaondoka na faili, na wanaamini masta ni yao. Produsa naye anaamini aliuza muda wa studio tu. Sheria yetu inamtambua kama mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kurekodi, kwa hivyo ushahidi wa nani alilipa una uzito. Ukilipa studio, lipa kutoka nambari yako mwenyewe, hifadhi ujumbe, na usitume kupitia rafiki ili “atakupelekea”. Lakini ujumbe wa malipo hausemi ulilipia nini. Uambatanishe na maandishi mafupi yenye sahihi ya produsa: nimelipwa kiasi hiki, kwa wimbo huu, masta ni ya huyu, na mimi nabaki na asilimia hii ya utunzi. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya Kenya hakimiliki haihamishwi kwa mdomo. Lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi na anayeihamisha. Hiyo inakulinda wewe dhidi ya “si tuliongea?”, na inamlinda produsa dhidi yako.

Andikisha kazi zako na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Hakimiliki inakuwepo hata bila kuandikisha, lakini cheti kinakusaidia siku ya ubishi. Halafu kuna vyama vya kukusanya mirabaha, pale muziki unapochezwa redioni, hotelini, kwenye matatu: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Tunajua wasanii wengi wana malalamiko juu ya makusanyo haya, na mivutano ya leseni imekuwa mingi. Kabla ya kujiunga, uliza KECOBO ni nani ana leseni mwaka huo. Ukiwa msanii huru mara nyingi wewe ni mtunzi, mwenye rekodi na mwimbaji kwa pamoja, kwa hivyo kuna mafungu matatu ya kuulizia.

Na kujitegemea huku hakukuanza na intaneti. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka wa 2018, alikuwa na duka lake la muziki mjini Nairobi enzi za sahani za santuri, wakati wenzake wengi walilipwa mara moja studio na kwenda nyumbani. Leo mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki na anajulikana kama KMRU, anazitoa upya kazi za babu yake kwenye Bandcamp. Hilo linawezekana pale familia inapokuwa na kitu cha kurithi.

Pesa inaingia kwa simu ya nani?

Hapa ndipo uwanja wetu, na hapa tutasema bila kuzunguka.

Mikataba mingi ya siku hizi haichukui mapato ya nyimbo pekee. Inachukua pia asilimia ya shoo, matangazo ya biashara, fulana, hata pesa ya kutangaza bidhaa kwenye mitandao. Inaweza kuwa haki kama lebo ndiyo iliyokutafutia hiyo shoo. Kama shoo umeitafuta mwenyewe kijijini kwenu, uliza kwa nini wachukue. Halafu angalia mstari unaosema malipo yote yatapitia kwa lebo ama kwa meneja. Promota atatuma kwa nambari ya till ya nani? Iko kwa jina gani? Kama si lako, mkataba useme utapewa fungu lako ndani ya siku ngapi, na kwamba una haki ya kuona taarifa kamili ya malipo, si picha ya skrini. Haki ya kukagua vitabu vya lebo iandikwe pia. Bila hiyo, lebo ikisema wimbo ulileta laki mbili, utaamini laki mbili.

Shida hii iko pia kwa wasio na lebo. Kundi la watu watano linalipwa kwa simu ya mpiga besi kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na chaji siku ya kwanza. Fungueni till ya kundi, tenganisheni na pesa za nyumbani, na taarifa ya kila mwezi itumwe kwa wote. Siku mnaenda kuongea na lebo ama kuomba mkopo, hiyo taarifa ndiyo itaonyesha mnaingiza ngapi.

Angalia mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka wa 2019, alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania ili awe huru, na kwamba alilazimika kuuza mali yake. Aliondoka akaanzisha lebo yake. Lakini yeye alikuwa tayari nyota. Jiulize kipengele cha kuondoka kwenye mkataba wako kinataka ngapi, na wewe ungeuza nini. Angalia pia muda: “miaka mitano” ni kitu kimoja, na “albamu tano” ni kingine kabisa, kwa sababu lebo inaweza kukawia kuzitoa na wewe ukabaki umefungwa miaka kumi.

Halafu kuna matapeli. Mtu anakupigia, ati ni wa lebo kubwa, amependa sauti yako, na anataka KSh 3,500 ya “usajili wa msanii” ama ya “kufungua faili”. Lebo ya kweli ndiyo inayokupa wewe pesa mbele, na ndiyo sababu tumeeleza adivansi kwa urefu hapo juu. Anayetaka utume kwanza si lebo. Usitume, usimpe PIN wala nambari ya siri iliyoingia kwa ujumbe, na uripoti nambari yake kwetu.

Mwisho ni kodi, kwa sababu wengi hushtuka. Malipo ya mrabaha kwa mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla hayajakufikia. Ukilipwa KSh 20,000, tarajia KSh 19,000. Ile KSh 1,000 haijapotea kama anayekulipa ameipeleka KRA kwa PIN yako, kwa hivyo mwombe cheti cha kodi ya zuio kila mara anapokata, na ukitumie unapojaza ritani kabla ya Juni 30.